Ukungu, Mlipuko na Kutu: Uhakiki wa Majina ya Magonjwa ya Majani ya Mpunga

Utangulizi

Msamiati wa kilimo cha mpunga ni miongoni mwa hazina kubwa za Kiswahili. Mmea ni mpunga ungali shambani, ni mchele ukishakobolewa, ni wali ukishapikwa. Shamba limegawanywa majaruba. Suke lina punje. Punje isiyo kiini ni pepe. Mtoto wa mkulima huyajua maneno haya kabla hajaingia darasa la kwanza. Lakini majani ya mpunga huo huo yanapougua, utajiri huu hutoweka ghafla. Mahali pake huja maneno matatu au manne, na kila moja limebebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Katika makala haya tumekusudia kuyahakiki maneno hayo. Tumeuchagua mpunga kwa kuwa ndio mmea mkuu tunaoulima majini, tangu mabonde ya Kilombero na Usangu hadi Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria. Aidha, magonjwa ya majani yake yanafanana kiasi kwamba jina baya laweza kumpoteza hata mtu mwenye macho mazuri. Hatukusudii kumlaumu mtafsiri yeyote. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba istilahi ya ugonjwa ikitungwa kwa kuitazama kamusi bila kulitazama jani, hasara yake haibaki kwenye karatasi, bali huingia jarubani.

1. Kazi ya jina la ugonjwa

Jina la ugonjwa si kama jina la mashine. Mashine huonekana nzima, na hata ikiitwa jina lisilofaa, mtu ataitambua kwa kuiona. Ugonjwa hauonekani, kinachoonekana ni alama zake. Mkulima haioni kuvu inayokula jani lake. Anachoona ni doa, baka, mchirizi au ncha iliyokauka. Kwa hiyo jina analopewa ndicho chombo chake cha kwanza cha kupambanua. Likielekeza kwenye alama iliyo kweli, limemsaidia. Likielekeza kwingine, limempotosha kabla hajafika dukani kununua dawa.

Hapana budi basi kupambanua mambo matatu ambayo maandishi yetu huyachanganya mara kwa mara. La kwanza ni kisababishi, yaani kiumbe au upungufu ulioleta madhara. La pili ni dalili, yaani kile kinachoonekana juu ya mmea. La tatu ni ugonjwa wenyewe, yaani hali nzima ya mmea kuugua. Neno moja likitumika kwa yote matatu, si istilahi tena.

2. Ukungu

Neno lililobebeshwa mzigo mkubwa kuliko yote ni ukungu. Kwa asili yake ni neno zuri. Ni ule utando kama moshi unaofunika bonde alfajiri, na pia ni ule unyoya mweupe au wa kijivu unaoota juu ya mkate uliolala. Katika maana zote mbili, ukungu ni kitu kinachoonekana kwa macho. Maandishi ya kilimo yamelichukua neno hilo na kulipa maana ya tatu, ambayo ni kiumbe chenyewe kinacholeta ugonjwa, na maana ya nne, ambayo ni ugonjwa wowote wa majani unaodhaniwa kuletwa na kiumbe hicho.

Tazama matokeo yake. Yajulikana kwamba umande ukikaa muda mrefu juu ya majani, kuvu nyingi hupata nafasi ya kuota na kupenya. Mwandishi anayetaka kulieleza jambo hili kwa msamiati wa sasa anaweza kujikuta anaandika kwamba ukungu ukizidi asubuhi, ukungu huongezeka. Sentensi hiyo ni sahihi kwa sarufi, na haimfundishi mtu kitu.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika dawa. Dukani dawa ya kuua kuvu huitwa dawa ya ukungu. Mkulima akiambiwa kwamba mpunga wake una ukungu, atafanya lililo la busara kwake: atanunua dawa ya ukungu. Lakini yawezekana majani yake yana kimyanga, ugonjwa unaoletwa na virusi. Ugonjwa huu uligunduliwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Hakuna dawa ya kuua kuvu inayoweza kuvidhuru virusi vilivyomo ndani ya mmea. Fedha imekwenda, wadudu wanaovisambaza virusi wanaendelea na kazi yao, na mpunga unadumaa. Hapa kosa si la mkulima wala la muuza duka. Neno ndilo lililowapoteza wote wawili.

Kwa mtumishi wa serikali madhara ni ya namna nyingine. Ripoti zikija kutoka kata mbalimbali, zote zikisema mpunga umeshambuliwa na ukungu, hesabu inayojumlishwa makao makuu huwa imechanganya magonjwa manne au matano yenye tiba tofauti. Jumla ya namna hiyo haimwezeshi mtu kuamua ni mbegu gani ipelekwe wala ni dawa gani iagizwe.

Lugha yetu tayari inalo neno kuvu, nalo latosha kabisa kwa kiumbe. Katika madarasa ya elimu ya viumbe limekwisha kuzoeleka kuwa jina la jamii nzima, ikiwamo uyoga tunaokula na hamira tunayochachushia unga. Basi kuvu iwe kisababishi, na ukungu urudishwe kwenye kazi yake ya asili, yaani ule utando au unyoya unaoonekana. Mgawanyo huu una faida nyingine. Sayansi ya sasa haiwahesabu tena viumbe wanaoleta baka la majani ya magimbi, mmea mwingine wa mahali pa majimaji, kuwa kuvu halisi. Anayesema kwamba jani la gimbi limeota ukungu mweupe bado anasema kweli, kwa kuwa anataja alichokiona. Anayesema lina kuvu atalazimika kuzifuata hukumu za maabara kila zinapobadilika.

3. Mlipuko

Tunafika sasa kwenye neno ambalo lingeweza kuchekesha kama halikuhusu chakula. Ugonjwa mkubwa wa kuvu katika mpunga duniani ni ule unaoletwa na kuvu iitwayo kwa Kilatini Magnaporthe oryzae, ambayo vitabu vya zamani, na vingine vya sasa, huiita Pyricularia oryzae. Waingereza huuita ugonjwa huu kwa neno lao «blast». Mtafsiri huifungua kamusi, akakuta kwamba neno hilo ni mshindo wa baruti, naye akaandika mlipuko. Baadhi ya maelezo yetu ya kilimo yamelipokea.

Lakini katika kinywa cha mkulima wa Kiingereza wa zamani neno hilo halikuhusu baruti. Lilikuwa upepo mbaya unaoupitia mmea na kuukausha kama uliochomwa. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 limetajwa bega kwa bega na ukungu wa mimea, kama mapigo mawili ya shamba. Mtafsiri wetu amelichukua neno katika maana ambayo wenye lugha yao hawakuikusudia walipouita ugonjwa huu.

Yafaa kuona jinsi mataifa mengine yaliyolima mpunga kwa muda mrefu yalivyouita ugonjwa huu. Kitabu cha Song Yingxing, kilichochapwa China mwaka 1637, hutajwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza yaliyoueleza, nacho kiliufananisha na homa. Waitalia huuita brusone, jina lenye asili katika kitenzi cha kuungua. Wachina, Waitalia na Waingereza hawakuazimana maneno, lakini wote walilitazama shamba wakaona kitu kimoja: mmea uliopatwa na joto kali pasipo moto. Hakuna aliyesikia mshindo.

Na mshindo hakika haupo. Jani lililougua huwa na madoa yaliyochongoka ncha mbili kama jicho la mtu lilivyochongoka pembeni. Katikati doa ni la kijivu au jeupe, na ukingoni lina rangi ya hudhurungi. Doa lililokomaa aghalabu hufikia urefu wa sentimita 1 hadi 1.5. Madoa yakiungana, jani zima hukauka. Kuvu hiyo hiyo ikishambulia shingo ya suke, suke husimama jeupe, nalo likipurwa hutoa mapepe. Mkulima aliyeambiwa atazamie mlipuko atatazamia nini katika haya yote? Labda atatazamia punje zilizopasuka, na hizo hatazipata.

Liko na tatizo la pili. Mlipuko katika Kiswahili cha leo ni pia kuzuka kwa ghafla kwa maradhi, kama tusemavyo mlipuko wa kipindupindu. Basi habari ya redio isemayo kwamba kuna mlipuko wa mpunga haieleweki kama inataja ugonjwa fulani au kuenea kwa ugonjwa wowote. Na afisa akitaka kutangaza kwamba ugonjwa huu umezuka ghafla, itambidi aseme kuna mlipuko wa mlipuko.

4. Doa la kahawia

Ugonjwa wa pili ni ule wa kuvu Bipolaris oryzae, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Helminthosporium oryzae. Jina lililozoeleka, doa la kahawia, ni tafsiri ya neno kwa neno, wala si kosa. Udhaifu wake ni kwamba halitenganishi. Ugonjwa tuliotoka kuueleza una madoa yenye rangi ya kahawia ukingoni. Kuvu nyingine ya jamii ya Cercospora huleta vijistari vyembamba vya kahawia vinavyofuata mishipa ya jani. Udongo wenye chuma kingi mno, hasa katika majaruba yasiyotoa maji, nao huleta vidoa vya kahawia kuanzia ncha za majani ya chini. Mtu akisema mpunga wake una doa la kahawia, ametaja rangi tu.

Wajapani huuita ugonjwa huu kwa jina lenye ufuta ndani yake, kwa sababu madoa yake ya mviringo au umbo la yai hutawanyika juu ya jani kama punje za ufuta zilizomwagwa. Hilo ni jina linaloona. Ufuta wajulikana Lindi na Mtwara kama unavyojulikana Japani, na mtu yeyote aliyewahi kuuona atalitofautisha doa-ufuta na doa lililochongoka ncha mbili.

Tofauti hii si ya mapambo. Ugonjwa wa madoa ya jicho huzidi pale mkulima anapotia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni kupita kiasi, na huzidi pia maji yanapokauka jarubani. Ugonjwa wa madoa ya ufuta, kinyume chake, ni ishara ya udongo uliochoka, uliopungukiwa virutubisho, hasa potasiamu na silika. Mmoja wataka mkono uzuiliwe, na mwingine wataka ardhi ilishwe. Mkulima anayeona madoa ya kahawia, akadhani mpunga una njaa, akaongeza urea juu ya ugonjwa wa kwanza, ameumwagia moto mafuta. Na ugonjwa wa pili nao si wa kudharauliwa. Uharibifu wake katika mpunga wa Bengal mwaka 1942 hutajwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia njaa kubwa ya mwaka 1943, ingawa wanahistoria na wachumi wanabishana sana juu ya uzito wake ukilinganishwa na bei, vita na utawala.

5. Kutu na bakajani

Kutu ni istilahi nzuri mahali pake. Katika kahawa na ngano ina maana kamili, yaani kuvu zinazotoa unga wa rangi ya kutu ambao hubaki kidoleni mtu akilipapasa jani. Lakini mpunga ni nafaka ya ajabu: magonjwa ya kutu yanayozitesa nafaka nyingine hayaupati. Basi kila mara maelezo yanapotaja kutu ya mpunga, msomaji atambue kwamba mwandishi ametaja rangi aliyoiona, na aghalabu kilicho nyuma yake ni chuma cha udongo au upungufu wa zinki.

Bakajani nalo ni neno tunalolisifu. Limeundwa kwa mizizi ya lugha yenyewe, lafahamika mara moja, na limewafaa wakulima wa viazi na nyanya. Tunachopinga ni kulifanya kuwa tafsiri ya lazima kila mahali Mwingereza anapotumia neno lake moja. Ugonjwa wa kuvu Rhizoctonia solani katika mpunga hauanzi kwenye bapa la jani. Huanzia karibu na uso wa maji, kwenye sehemu ya jani inayolifumbata bua kama ala inavyofumbata kisu, nao huleta mabaka ya kijivu yenye ukingo wa kahawia. Hapa neno ala, ingawa nalo limefuata Kiingereza, limepata bahati ya picha iliyo kweli kwetu pia. Baka la ala, basi, ni jina linalomwambia mkulima ainame na kutazama karibu na maji.

Ugonjwa wa bakteria ya Xanthomonas nao umewahi kutiwa katika kapu hilo hilo la bakajani, hali hauna baka. Huwa na mchirizi wa manjano unaogeuka mweupe, wenye ukingo wa mawimbi, unaoshuka kutoka nchani kwa kufuata kando ya jani. Mtu mwenye shaka na akate kipande cha jani lililoanza kuugua, akitie katika bilauri ya maji safi, akitazame mwangani: uteute kama maziwa ukichuruzika kutoka kwenye mkato, ni bakteria. Kuvu haifanyi hivyo. Jaribio hili halihitaji darubini; lahitaji jina litakalomkumbusha mtu kulifanya.

6. Hoja za upande wa pili

Twajua kwamba wapo watakaosema: jina ni jina tu, watu watalizoea, kama walivyozoea mengine mengi yasiyo na mantiki. Hoja hii ina nguvu katika majina ya vitu vionekanavyo. Haina nguvu mahali ambapo kitu chenyewe hujulikana kwa kupambanuliwa na ndugu zake. Wengine watasema yatosha kutumia majina ya Kilatini. Lakini majina hayo nayo hubadilika, kama tulivyoonyesha katika magonjwa mawili ya kwanza, hali alama juu ya jani hazijabadilika tangu siku za Song Yingxing. Jina lililosimama juu ya alama hudumu kuliko lililosimama juu ya ukoo.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo tunaikubali kwa sehemu. Ugonjwa mmoja waweza kuwa na alama mbalimbali. Tukiuita ugonjwa wa Magnaporthe kwa doa-jicho peke yake, mkulima hatautambua utakapokuwa shingoni mwa suke, ambako hakuna jicho. Kwa sababu hiyo tunaona ugonjwa wenyewe upewe jina pana, na alama zake zipewe majina mahsusi chini yake. Jina pana tunalolipendekeza ni mbabuko, kutokana na kitenzi babuka, kama mnyauko ulivyotoka kwa nyauka. Kitu kilichobabuka ni kitu kilichopatwa na joto hadi uso wake ukaharibika, na hayo ndiyo waliyoyaona Wachina na Waitalia. Neno hili lina manufaa mengine. Kuvu hii huushambulia pia ulezi katika Afrika Mashariki; na aina yake inayoshambulia ngano, iliyoonekana kwanza Brazil mwaka 1985, iliripotiwa Bangladesh mwaka 2016 na baadaye Zambia. Tutasema mbabuko wa mpunga, mbabuko wa ulezi, mbabuko wa ngano, na msomaji ataujua undugu wao.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo ili yapimwe:

Kuvu: kiumbe kisababishi. Lisitumike kwa dalili.
Ukungu: utando au unyoya unaoonekana juu ya mmea. Lisitumike kwa kisababishi wala kwa ugonjwa.
Kiuakuvu: dawa ya kuua kuvu, badala ya dawa ya ukungu.
Mbabuko: ugonjwa wa Magnaporthe, badala ya mlipuko.
Doa-jicho: alama ya mbabuko katika jani.
Mbabuko wa shingo: ugonjwa huo katika shingo ya suke.
Doa-ufuta: ugonjwa wa Bipolaris, badala ya doa la kahawia.
Baka la ala: ugonjwa wa Rhizoctonia katika ala ya jani.
Mkauko wa kingo: ugonjwa wa bakteria ya Xanthomonas. Hauletwi na kuvu.
Kimyanga: ugonjwa wa virusi. Libaki lilivyo, kwa kuwa limekwisha kuenea kwa wakulima na halichanganywi na jingine.
Kutu: lisitumike kwa mpunga.

Hitimisho

Maneno haya si sheria. Huenda katika bonde fulani wakulima wanalo neno lililo bora kuliko mbabuko au doa-ufuta, nasi tutafurahi likiletwa, kwa kuwa neno lililokwisha kuota lafaa kuliko lililopandikizwa. Tunachosisitiza ni utaratibu. Kabla istilahi ya ugonjwa haijapitishwa, majani yenyewe yaletwe mezani, mabichi kama yalivyokatwa, na mtaalamu wa mimea, mtaalamu wa lugha na mkulima wayatazame pamoja. Kisha mkulima aliyepewa jina tu, pasipo maelezo mengine, apelekwe jarubani akaonyeshe ugonjwa unaotajwa. Akiuonyesha, jina limefaulu. Asipouonyesha, tulirudishe mezani, hata kama limekwisha kuchapwa.